Moyo wa Kima na Ngozi ya Punda

Kila harakati huja na lugha yake, na lugha hiyo yaweza kupimwa kama ipimwavyo lugha ya utenzi au ya tamthilia. Watu wanaodai haki za wanyama wana maazimio yao, hotuba zao, mabango yao na nyimbo zao za barabarani; na kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno hayo sasa husemwa kwa Kiswahili katika nchi zetu, sioni sababu ya kuyaacha nje ya uhakiki. Makala hii yahusu maneno yaliyosemwa juu ya mnyama mmoja, naye ni punda, katika miaka ambayo ngozi yake ilitafutwa kutoka Shinyanga hadi Naivasha. Mengi ya maneno hayo nimeyasikia nikiwa miongoni mwa wayasemao, ukumbini na barabarani, kwa hiyo siwezi kujidai kuwa hakimu asiye na upande. Lakini kuwa na upande hakumzuii mtu kuuliza kama maneno ya upande wake yanasema yale anayoyakusudia.

Habari yenyewe yaweza kuelezwa kwa ufupi. Katika China iko dawa ya kale iitwayo ejiao, itengenezwayo kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoe utomvu kama gundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 punda wa China walikuwa milioni 11 hivi; baadaye wakapungua hadi chini ya milioni 3, na wanunuzi wakayageuza macho yao Afrika. Tanzania ikapata vichinjio viwili vya kazi hiyo, kimoja Dodoma na kimoja Shinyanga. Kenya ikapata vinne, vikiwamo vya Naivasha na Mogotio. Serikali ya Tanzania ilikataza uchinjaji huo mwaka 2017, na ikabidi katazo litolewe tena mwaka 2022. Kenya ilikataza mwezi wa Februari 2020, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikalitengua katazo hilo. Mwezi wa Desemba 2022 ulifanyika Dar es Salaam mkutano wa punda wa Afrika nzima, chini ya ofisi ya mifugo ya Umoja wa Afrika; na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi, wakikutana Addis Ababa, walikubali kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15. Hayo ndiyo matukio. Sasa tuje kwenye maneno.

Kabla ya maneno ya mikutano yako maneno ya zamani zaidi, na hayo ndiyo yanayostahili kusomwa kwanza. Katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliotolewa na Edward Steere mwaka 1870 imo hadithi ya kima, papa na punda wa dobi. Wasomaji wengi waliisikia utotoni, pengine bila kujua kwamba imepigwa chapa. Kima akaaye juu ya mkuyu kando ya bahari hufanya urafiki na papa kwa kumtupia matunda. Siku moja papa humwalika kwao, humchukua mgongoni, na wakiwa katikati ya maji humwambia kweli: sultani wa huko ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hujibu kwa utulivu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kama angeambiwa mapema angeubeba. Papa humrudisha pwani, kima hupanda mtini, na papa anapomwita tena, kima humsimulia habari ya punda wa dobi ili kumwonyesha kuwa yeye si punda huyo.

Punda wa dobi alitoroka akaingia mwituni, akala akanenepa. Sungura akamwona, akaenda kwa simba aliyekuwa dhaifu kwa maradhi, akamwahidi nyama. Akarudi kwa punda na habari za posa: simba anataka kumwoa. Punda akafurahi, akaenda. Simba akamrukia, punda akampiga mateke, akakimbia. Baada ya siku chache sungura akaja tena na maneno matamu, punda akaenda mara ya pili, na safari hiyo akauawa. Simba akamwambia sungura apike nyama, ila yeye awekewe moyo na masikio. Sungura akavila mwenyewe. Alipoulizwa, akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, kwani kama angekuwa navyo, je, angerudi mara ya pili? Simba akaona kuwa ni kweli.

Wataalamu watanikumbusha kwamba hadithi hii haikuzaliwa Unguja. Ilitoka Bara Hindi, ikapitia Kiajemi na Kiarabu katika kitabu cha Kalila na Dimna, ikafika pwani yetu pamoja na mizigo mingine ya jahazi. Hilo halipunguzi uzito wake hapa. Dobi wa hadithi alikuwa dobi wa mjini Unguja, na punda wake alikuwa punda mwenye shogi mgongoni aliyepita mbele ya mlango wa msimulizi. Jambo linalonishangaza ni kwamba katika maandishi yote ya kampeni ya punda niliyopata kuyasoma sijakuta hata mahali pamoja ambapo hadithi hii imetajwa, ingawa ndani yake liko jambo lile lile: ng'ambo ya bahari yuko mgonjwa, dawa yake ni kiungo cha mnyama wa kwetu, na mjumbe huja na maneno ya urafiki. Sidai kwamba msimulizi wa karne ya 19 alitabiri biashara ya ejiao. Nadai tu kwamba aliifahamu namna ya biashara hiyo, kwa sababu pwani yake iliwahi kuuza pembe za ndovu, ngozi, na hata watu.

Tuangalie ni nani katika hadithi asemaye kwamba punda hana moyo. Si dobi, wala si simba. Ni sungura, yaani ni yule aliyeula. Fasihi yetu ya mdomo humpenda sungura. Tumezoea kucheka naye na kufurahia werevu wake juu ya fisi na tembo. Lakini katika kisa hiki kazi yake ni kazi ya dalali. Yeye hachinji. Yeye huenda kwa mwenye haja, huahidi, huenda kwa asiyejua, humbembeleza, humleta, na mwisho hujilipa kwa sehemu bora ya mzigo. Kisha hutoa hoja, nayo hukubaliwa: aliyeliwa hakuwa na kitu kilicholiwa. Nafikiri hii ni mojawapo ya kauli zenye maana nzito kabisa katika hadithi zetu za wanyama, na sisi tumeipitia kwa kicheko. Mtu akitaka kula moyo wa mwingine kwa amani, ni lazima kwanza athibitishe kwamba mwingine huyo hakuwa nao.

Methali zetu zimemsaidia sungura. Asante ya punda ni mateke, twasema, tukimlaumu mtu aliyelipa wema kwa ubaya. Methali hiyo imetungwa na aliyepigwa teke, na haielezi wema uliotangulia ulikuwa wema gani. Isomwe pamoja na hadithi yetu, na maana yake yageuka, kwa kuwa mateke ndiyo yaliyomwokoa punda mara ya kwanza. Pale methali ionapo utovu wa shukrani, hadithi yaona uhai ukijitetea. Methali nyingine ni ngumu zaidi: punda afe, mzigo wa tajiri ufike. Wageni huisikia kama ushahidi wa ukatili wetu. Mimi nasikia ndani yake sauti ya hamali na ya mpagazi, mtu mwenyewe aliyebebeshwa, akijisema kwa jina la mnyama. Hata leo magazeti humwita punda yule maskini anayemeza dawa za kulevya ili kuzivusha mipaka kwa faida ya tajiri asiyeonekana. Kwa hiyo lugha yetu haikuwahi kumtenga kabisa punda na mwanadamu; iliwaunganisha katika mzigo. Ni kama Biblia katika kitabu cha Hesabu, ambamo punda wa Balaamu, baada ya kupigwa mara tatu, hufunguliwa kinywa naye humwuliza bwana wake kosa alilomkosea. Swali hilo la punda lilimshinda nabii.

Sasa tuingie ukumbini. Katika mikutano ya kumtetea punda, hoja iliyotangulia hoja zote, na ambayo kwa kweli ndiyo iliyoshinda Addis Ababa, ni hoja ya manufaa. Yasemwa kwamba punda ni mguu wa maskini. Kwamba mwanamke wa Shinyanga, katika nchi ile kavu ambamo kiangazi hukausha malambo, humtegemea punda kuleta maji, kuni na mavuno. Kwamba akiibiwa punda wake, madumu ya maji hurudi kichwani mwake au kichwani mwa binti aliyepaswa kuwa shuleni. Yote ni kweli, na mimi nimeyasema mwenyewe. Nchi ya Wasukuma imejaa ng'ombe, na maksai hulima na kuvuta mikokoteni, lakini ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni jina la mtu. Punda ndiye atumwaye kila asubuhi bila kuhesabiwa. Tanzania ina punda wapatao laki sita na zaidi, na wengi wao hawajapata kutajwa katika wimbo wowote wa sifa, ilhali ng'ombe huimbwa kwa rangi za ngozi na kwa mikunjo ya pembe.

Lakini sikiliza jinsi maneno hayo yanavyompanga punda katika sentensi. Yeye hubeba, huvuta, huleta, husaidia. Hakuna kitenzi kingine alichopewa. Hata jina rasmi alilopewa pamoja na wenzake, wanyamakazi, humwita kwa kazi yake kwanza. Katika karne ya 10 kundi la wanafalsafa wa Basra waliojiita Ikhwan as-Safa waliandika kisa ambamo wanyama wenyewe huwashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Kila mnyama husimama na kusema habari zake, na wanadamu hulazimika kujibu. Huo ulikuwa mkutano wenye wajumbe. Katika mikutano yetu mnyama hutajwa kama vile bwana shamba atajavyo jembe zuri ambalo ni hasara kulivunja.

Udhaifu wa hoja hii hauonekani ukumbini. Huonekana ukifuata barabara itokayo Shinyanga kwenda Kahama na kuendelea hadi Geita. Ukanda huo umeishi kwa dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Bulyanhulu upo, na Buzwagi uliacha uzalishaji mwaka 2021. Pembeni ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, na maisha yao yote ni habari ya kubeba: mawe kutoka ndani ya duara, viroba vya mawe hadi kwenye karasha, maji hadi mahali pa kuoshea mchanga. Fedha ikipatikana, jambo la kwanza linunuliwalo ni injini. Pikipiki hufuata, na baada yake ile ya magurudumu matatu yenye bodi ya kupakia. Kijana wa Kahama aliyepata bahati duarani hanunui punda. Ikiwa utetezi wetu wote wa punda umejengwa juu ya mgongo wake, basi kila pikipiki ya mizigo iingiayo kijijini ni shahidi wa upande wa pili. Siku itakayofika ambapo maji yatakuja kwa bomba na mahindi kwa injini, tutamwambia nini mwenye punda anayetaka kumuuza kwa bei nzuri? Kwa maneno tuliyoyasema ukumbini, hatutakuwa na jibu.

Na bado ukanda huo huo wa dhahabu ungeweza kutupatia neno bora kuliko yote tuliyoyatumia, kama tungalisikiliza usemi wa watu wake. Watu wa Geita na Kahama wanajua tofauti iliyopo kati ya kulima na kuchimba. Shamba huvunwa na kupandwa tena. Duara huchimbwa mpaka mwamba uishe, kisha watu huhamia rashi nyingine na kuacha shimo. Punda jike hubeba mimba karibu miezi 12 na kuzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo huchukua miaka kabla ya kuzaa naye. Kichinjio chaweza kumaliza kwa siku chache kile ambacho kata nzima imekizaa kwa miaka. Biashara ya ngozi ilipojitangaza, ilijiita ufugaji na soko la mifugo. Kwa hesabu hii ilikuwa uchimbaji, nao ulifuata njia ya uchimbaji: China, kisha nchi moja ya Afrika, kisha nyingine. Ningependa kuona neno hilo katika maazimio. Lingeeleweka Shinyanga bila mkalimani.

Nafika sasa kwenye neno lenyewe la harakati, yaani haki. Harakati hizi katika sura zake za leo zilianza Uingereza, ambako sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe na wanyama wa mizigo ilipitishwa mwaka 1822 kwa juhudi za Richard Martin; na yasimuliwa kwamba Martin huyo alimleta mahakamani punda mwenye majeraha ili aonekane kwa macho. Mwaka 1978 likasomwa Paris Azimio la Ulimwengu la Haki za Wanyama. Tulipolitafsiri neno hilo, tukalichukua jinsi lilivyo: haki za wanyama, kwa mfano wa haki za binadamu. Na mara nyingi nimeona uso wa msikilizaji ukifunga lilipotamkwa. Mzee mmoja mfugaji wa Shinyanga aliwahi kuniuliza, bila kejeli yoyote, kama punda naye atapiga kura. Swali hilo si la ujinga. Katika Kiswahili cha miaka hii, haki zimekuwa vitu anavyodai raia mbele ya serikali, na mfugaji haoni punda akidai kitu kwa mtu yeyote.

Lakini Kiswahili kina matumizi mengine ya neno hilo, ya zamani na yenye mizizi zaidi. Twasema mke ana haki juu ya mumewe, mtoto ana haki juu ya mzazi, jirani ana haki juu ya jirani. Hapo haki si kitu cha kudai kwa bango. Ni deni lililo juu ya shingo ya mwenye nguvu, awe amedaiwa au hakudaiwa. Matumizi hayo yalikuja na elimu ya sheria za Kiislamu, na wanazuoni wake hawakumwacha mnyama nje. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 1262, alizihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu: alishwe na kunyweshwa, asibebeshwe asichoweza, asichanganywe na wa kumuumiza. Na katika hesabu yake mna jambo ambalo ukumbi wetu haukulisema: kwamba masurufu ya mnyama ni wajibu wa mwenyewe hata kama mnyama amezeeka au ameugua kiasi cha kutotumainiwa faida tena.

Msomaji aitazame kauli hiyo ya mwisho. Imeandikwa zaidi ya miaka 700 kabla ya pikipiki za Kahama, nayo yajibu swali lililotushinda. Haitaji mgongo wa punda hata kidogo. Sisemi kwamba Msukuma wa Shinyanga, ambaye huenda ni Mkristo au mfuasi wa mila za mababu zake, aongozwe na mwanachuoni wa Damasko na Kairo. Nasema kwamba neno haki lilipoingia katika lugha tunayoizungumza sote lilikuwa na nafasi ya mnyama tayari, na kwamba sisi wanaharakati tulilipita neno hilo mlangoni tukaenda kuazima nguo yake kutoka mbali. Tofauti ni ya kihusishi tu: haki za mnyama, au haki ya mnyama juu yangu. Ya kwanza humfanya mnyama mdai asiyeweza kudai. Ya pili hunifanya mimi mdaiwa.

Wengine walilikwepa neno hilo kwa busara. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na ustawi ni neno jema, kwani twasema mti umestawi na mji umestawi bila kuuliza wamestawi kwa faida ya nani. Kenya ilikuwako kampeni ya wafugaji na wakulima iliyojiita Heshimu Punda. Nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza nilidhani limekosewa, maana heshima hupewa aliye juu. Sasa naliona kuwa la kishairi kuliko yote. Limepindua ngazi kwa maneno mawili, na mtu wa kijijini hukumbuka kilichompindulia ngazi.

Sarufi nayo ina ushahidi wake, na kwa kuwa jarida hili husomwa na wanafunzi wa lugha, nitakaa hapo kidogo. Jina punda, kwa umbo lake, ni la ngeli moja na nyumba, nguo na ngozi. Lakini hatusemi punda hii imeanguka. Twasema punda huyu ameanguka, kama tusemavyo mtu huyu ameanguka. Upatanisho wa uhai hushinda umbo la jina. Kiswahili kimewaweka watu na wanyama katika mlango mmoja wa kitenzi. Kifo pekee hakimwondoi, kwa kuwa twasema punda amekufa. Aondokapo ni pale achunwapo: ngozi imekauka, ngozi zimepakiwa, ngozi zimesafirishwa. Taarifa za biashara ya ejiao zilikuwa na vitenzi vya i- na zi- tu. Makisio ya kampeni, yaliyozidi milioni 4 kwa mwaka duniani, nayo ni hesabu ya ngozi. Tena kuna mahali ambapo ulimi wetu husita. Kwa mmoja twasema punda wangu; kwa wengi, wapo wasemao punda wangu na wapo wasemao punda zangu, kama tusemavyo nguo zangu. Mali na uhai hushindania kiambishi kimoja, na wasemaji hodari kabisa hawajakubaliana.

Wako watakaouliza kama haya ni ya kushughulisha watu wazima. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa na kifusi ndani ya duara, na watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, vyura na mende. Katika nchi ambamo mtu aweza kukaa chini ya ardhi siku 41, nani ana nafasi ya kulilia punda? Nimeulizwa hivyo, na naiona nguvu ya swali. Hata hivyo naona kwamba lina mantiki ya sungura ndani yake: huyu hana moyo, maana yuko mwingine mwenye moyo zaidi. Waliosema punda afe mzigo wa tajiri ufike hawakufanya mgawanyo huo. Walijua kwamba mkono unaopakia haubadiliki.

Swali jingine ni gumu zaidi kwangu. Mfugaji wa Shinyanga huchinja ng'ombe na mbuzi, wala hakuna mkutano wa wakuu wa nchi juu yao. Kwa nini punda? Hoja ya manufaa haiwezi kujibu, kwa sababu ng'ombe naye hulima, tena huliwa. Hoja ya uchimbaji hujibu kwa sehemu, kwa kuwa ng'ombe huzalishwa kwa kadiri aliwavyo. Hoja ya deni hujibu kwa sehemu nyingine, lakini jibu lake halimfurahishi mtu yeyote, maana likifuatwa kwa uaminifu halitaishia kwa punda. Nimeona katika mikutano jinsi jambo hili linavyopitiwa haraka, hasa saa ya chakula cha mchana ikikaribia, na nyama ya mbuzi ikinukia nje ya ukumbi. Harakati yenye ujasiri ingeliweka katika ajenda.

Kuhusu maandamano nina machache ya kusema, na hayo ni ya sifa. Huko Kenya, kabla ya katazo la 2020, walioandamana kutaka vichinjio vifungwe walikuwa wenye punda wenyewe, watu wa mikokoteni na maji, waliochoka kuamka na kukuta kamba imekatwa na mabaki ya mnyama yametupwa vichakani bila ngozi. Walichokisema hakikuwa cha falsafa. Walisema punda wetu wanaibwa. Katika maneno hayo matatu mali na uhai vimo pamoja, na kitenzi ni cha uhai. Naona kuwa sentensi hiyo ni bora kuliko aya nyingi za maazimio, nayo haikuandikwa na mtu yeyote.

Rudi tena kwenye hadithi ya Unguja utazame nafasi ya dobi. Hutajwa mwanzoni, kwa kuwa punda ni wake. Punda anapotoroka kuingia mwituni, dobi hutoweka katika masimulizi. Hatuambiwi alimtafuta, wala alimpiga kiasi gani hata mnyama akaona heri mwitu. Msimulizi hakumhitaji, kwa sababu kisa chake kilikuwa cha sungura na simba, na cha kima aliyesikiliza vizuri. Wale wa Kenya waliotoka barabarani ni dobi aliyerudi ndani ya hadithi na kuulizia punda wake. Katika Shinyanga katazo lilishuka kutoka juu mara mbili, mwaka 2017 na 2022, na sehemu hiyo ya kisa bado haijasimuliwa.